Karatasi ya malipo haionekani: si kila mara kosa ni la seva

Mwanafunzi wa Goma ao Bukavu analipa feza za masomo kupitia intaneti, anabonyeza mahali palipoandikwa "Ona karatasi ya malipo", anangojea. Hakuna kinachotokea. Anafikiri feza hazikufika, na pengine analipa mara ya pili. Kumbe seva inaweza kuwa imekwisha kujibu, lakini kivinjari, yaani programu kama Chrome ao Firefox, kimekataa kufungua dirisha jipya la kuonyesha jibu hilo.

Sababu ni ya zamani. Katika miaka ya 1990, Mmarekani Ethan Zuckerman, aliyekuwa akifanya kazi Tripod, aliandika kodi ya kufungua tangazo katika dirisha la pekee. Madirisha ya namna hiyo yalijaa kwenye vioo vya kompyuta mpaka vivinjari vikaanza kuyazuia. Mwaka 2014, Zuckerman aliomba msamaha.

Leo, kwa kawaida kivinjari kinaruhusu dirisha jipya ikiwa mtu mwenyewe amebonyeza, na ruhusa hiyo inadumu sekunde chache tu. Hapo ndipo penye shida. Kodi nyingi za JavaScript zinauliza seva kwanza, kisha zinafungua dirisha wakati jibu limefika. Penye intaneti ya kasi hakuna tatizo. Kwetu mashariki mwa Congo, jibu likikawia, ruhusa inakuwa imekwisha.

Dawa ni kugeuza utaratibu. Mtu akibonyeza tu, kodi ifungue palepale dirisha tupu kwa window.open na kuandika ndani yake "Subiri kidogo". Kisha iulize seva kwa fetch, na jibu likifika liwekwe katika dirisha hilo. Kama jibu ni maandishi tu, yawekwe kwa textContent, ili kodi mbaya iliyojificha ndani isifanye kazi. Seva isipojibu, dirisha liseme hivyo. Na kama window.open imerudisha null, dirisha limezuiwa: jibu lionyeshwe kwenye ukurasa uleule.

Kwa fomu ya kawaida, hata JavaScript haihitajiki: target="_blank" inatosha kuleta jibu katika dirisha jipya.

Kwa anayelipa: kabla ya kurudia, tazama kama kivinjari kimeandika kwamba kimezuia dirisha, na uhakikishe kwanza kama feza zimekwisha kutoka kwenye konti yako.