Unapobadilisha Printa, Tazama Wino Kwanza



Usiku mmoja printa yetu kuukuu hapa Shively iligoma kutoa hati za uhamiaji zilizotakiwa kutumwa asubuhi. Wino mweusi ulikuwamo. Uliokwisha ni wa manjano! Alituokoa jirani.

Wahenga walinena: rahisi ni ghali. Printa nyingi huuzwa kwa bei ndogo, na faida ikatafutwa kwenye wino. Basi kabla ya kulipa, ulizeni haya.

Kwanza, hula wino gani? Printa za tangi, mfano EcoTank ya Epson iliyoingia Marekani mwaka 2015, hujazwa kwa chupa, na seti moja huchapa maelfu ya kurasa. Bei yake ni kubwa, lakini nyumba yenye wanafunzi wengi huirejesha.

Pili, je, hukubali katriji za kampuni nyingine? Baadhi huzikataa, nyingine hudai intaneti muda wote. Someni masharti.

Tatu, iwe na skana, ichape pande mbili yenyewe, na ipokee kazi kutoka kwenye simu bila waya.

Nne, wino usiotumika hukauka. Chapeni ukurasa mmoja wa rangi kila wiki. Anayechapa nyeusi tupu, tena mara chache, heri printa ya leza: unga wake haukauki. Na asiye na haja kubwa asinunue. Maktaba ya umma ya Louisville ina tawi papa hapa Shively.

Muhimu zaidi, tusingoje usiku wa dharura.