Gari Kuukuu la Zimamoto: Pikapu Iende Shambani, Pampu Ibaki Mjini

Wahenga walinena kwamba ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa. Kitu kilichosukwa kwa nguvu, hata kikichakaa, chaweza kumfaa mtu kuliko kipya kilicho dhaifu. Methali hiyo yafaa kukumbukwa na kila aonaye gari kubwa jekundu la zimamoto limeachwa nyuma ya karakana, matairi yamelala na majani yameota hadi kwenye ngazi zake. Mpita njia huona chuma chakavu. Fundi huona chasisi, ekseli, springi na injini ambavyo huenda havijamaliza hata nusu ya umri wao.

Ndugu msomaji, je, gari la namna hiyo laweza kugeuzwa kuwa pikapu ya kazi katika mkoa kama Simiyu? Laweza. Lakini kabla ya fundi kushika spana, yampasa ajue nini cha kukata, nini cha kutunza, na kitu gani kisitoke kamwe katika mji unaoishi kwa pamba.

Walikoanzia wenzetu

Sanaa ya kuligeuza gari kuukuu ili liwe na nguvu na sura mpya ilipata jina kubwa nchini Marekani, ambako magari ya aina hiyo huitwa hotirodi. Katika miaka ya 1930, vijana wa jimbo la California walinunua Ford kuukuu kwa bei ndogo, zikiwemo Model T zilizotengenezwa kuanzia 1908 hadi 1927. Waling'oa madigadi, paa na kila kilichoongeza uzito, kisha wakaiongezea injini nguvu au wakatia nyingine. Mwaka 1932 kampuni ya Ford ilitoa injini ya silinda nane yenye nguvu za farasi 65, kwa bei ambayo mtu wa kawaida aliweza kuimudu. Injini hiyo ikawa kipenzi cha mafundi wa mitaani.

Vijana hao walishindana kwenye maziwa yaliyokauka, kama lile la Muroc. Mwaka 1951 kilianzishwa chama cha taifa kilichokusudia kuyaondoa mashindano mitaani na kuyapeleka kwenye viwanja maalumu, chini ya kanuni za usalama. Kwa maneno mengine, hata waliopenda mbio kuliko wote walifika mahali wakakiri kwamba mbio zisizo na kanuni ni hatari.

Pikapu yenyewe ni mtoto wa ugeuzaji. Kabla ya mwaka 1925, Ford ilipoanza kuuza Model T yenye kisanduku cha mizigo kilichotengenezwa kiwandani, wenye magari walikuwa wakijiundia visanduku vyao wenyewe kwa mbao na bati.

Magari ya zimamoto huwavutia mafundi kwa sababu moja kubwa: hukaa chini ya paa, husubiri, na husafiri mwendo mfupi. Uingereza ilitengeneza magari ya zimamoto ya akiba juu ya chasisi za Bedford kati ya mwaka 1953 na 1956, yakajulikana kwa jina la Green Goddess. Yalitunzwa kwa takribani nusu karne, na yalipouzwa, baadhi yakaletwa Afrika, mengi yalikuwa bado hayajatembea sana.

Kwetu si jambo geni

Asidhani mtu kwamba ufundi huu ni wa ng'ambo peke yake. Wakazi wa Dar es Salaam waliokuwapo miaka ya 1980 wanazikumbuka chai maharage, yaani magari ya mizigo yaliyotiwa mabenchi nyuma, abiria wakaketi kwa kutazamana. Shida ya usafiri ndiyo iliyoyaunda magari hayo.

Usukumani nako gari halifi kwa urahisi. Ekseli ya gari lililokwisha hufungwa chini ya mkokoteni, ng'ombe wakaukokota ukiwa umejaa pamba au madumu ya maji. Vyuma vya springi huingia katika moto wa mfua chuma vikatoka vikiwa mapanga, visu na mashoka. Matairi hukatwa yakawa katambuga za kuvaliwa miguuni. Kwa hiyo, anayeligeuza gari la zimamoto kuwa pikapu anafuata njia ambayo wengine wamekwisha kuipita. Tofauti ni kwamba chombo chake kitakwenda kwa nguvu ya injini, kikibeba roho za watu.

Mbuga haipendi gari la kulala chini

Mkoa wa Simiyu, wenye makao makuu Bariadi, uliundwa mwaka 2012 nao una wilaya tano: Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Barabara kuu sasa ina lami, lakini pamba hailimwi juu ya lami. Hulimwa ndani, ambako sehemu nyingi zina udongo mweusi wa mbuga. Wakati wa kiangazi udongo huo hupasuka nyufa. Wakati wa masika huwa mzito na wenye kunata, ukaling'ang'ania gurudumu.

Hotirodi ya Kimarekani kwa kawaida hushushwa mpaka ikakaribia kugusa ardhi. Gari la namna hiyo litapendeza mbele ya duka mjini Bariadi, lakini likielekea vijijini mvua inaponyesha litarudi limekokotwa na ng'ombe. Pikapu ya Simiyu yapasa ibaki na kimo chake, magurudumu makubwa na gia nzito. Uzuri wake na uonekane katika bodi iliyonyooshwa vema, rangi iliyopigwa kwa subira, na kichwa cha gari kilichohifadhiwa na sura yake ya zamani.

Uzito wa maji

Hapa ndipo kazi yenyewe inapoanza. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Gari la zimamoto lenye tenki la lita 4,000 lilikuwa likibeba tani nne za maji kila siku, likiwa limesimama au linakwenda. Springi zake za nyuma, breki zake na matairi yake vilipangwa kwa ajili ya mzigo huo usiopungua.

Tenki likiondolewa, gari hubadilika tabia. Springi za nyuma huwa ngumu mno, gari likarukaruka kwenye makorongo. Dereva akikanyaga breki ghafla, magurudumu ya nyuma yaliyopungukiwa uzito huweza kukamata na kuburuta, gari likazungusha mkia wake. Fundi mwenye busara hupunguza idadi ya vyuma bapa vya springi kwa kipimo, kisha huzirekebisha breki za nyuma zilingane na uzito mpya. Halafu hulijaribu gari likiwa tupu na likiwa na mzigo, mahali pa wazi pasipo watu.

Chasisi nayo yataka heshima. Wapo watakaotaka kuifupisha ili pikapu ipate umbo la kupendeza. Kazi hiyo isifanywe kwa kubahatisha. Chuma cha chasisi hubeba nguvu kubwa katika kingo zake za juu na za chini; tundu lililotobolewa hapo, au moto wa kuchomelea uliopita hapo, laweza kuwa mwanzo wa ufa. Shafti inayopeleka nguvu nyuma nayo hulazimika kufupishwa na kusawazishwa, la sivyo itatikisa gari zima. Pasipo fundi aliyebobea katika kazi hiyo, ni heri chasisi iachwe na urefu wake, na kisanduku cha mizigo kirefushwe.

Breki kabla ya mbio

Kijana akisikia habari za hotirodi, swali lake la kwanza huwa ni mwendo. Ajue basi kwamba mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ambayo breki hulazimika kuimeza huongezeka mara nne. Gari lililokuwa likisimama vizuri kwa mwendo wa kilometa 40 kwa saa halitasimama vivyo hivyo kwa kilometa 80. Kwa hiyo fedha ya kwanza iende kwenye breki, usukani na matairi. Ya pili kwenye injini. Na itakayobaki kwenye rangi.

Sheria nayo ina neno lake. Kadi ya gari huonyesha aina ya bodi, rangi, namba ya chasisi na namba ya injini. Haya yakibadilika, mwenye gari hana budi kuyapeleka kwa Mamlaka ya Mapato ili yarekebishwe, na gari likaguliwe. King'ora na taa za dharura viondolewe, kwa kuwa hivyo ni alama za kazi wala si mapambo. Mwananchi akisikia king'ora hupisha njia akiamini kwamba mahali fulani nyumba inaungua. Imani hiyo isichezewe.

Hesabu ya nyumbani

Jambo hili si la gereji pekee, ni la familia nzima. Injini kubwa hunywa mafuta mengi, na vipuri vya gari la zamani havipatikani kila duka. Mzee mwenye nyumba asitumie fedha ya pamba ya msimu mzima kununua gari mnadani, kisha watoto wakakosa ada na sare. Mke na mume na wakae chini, waandike bei ya gari, matairi, breki, mafundi, mafuta na usajili, kisha waulizane: pikapu itabeba nini, kwa nani, na kwa miezi mingapi ya mwaka?

Jingine la kuzingatiwa na akina mama: tenki lililotoka kwenye gari la zimamoto lisigeuzwe kuwa la maji ya kunywa. Laweza kuwa na kutu na mabaki ya dawa ya povu inayotumika kuzimia moto wa mafuta.

Pampu ibaki

Sasa twaja kwenye jambo kubwa kuliko yote. Mara nyingi pampu ndicho kitu cha kwanza kuuzwa kwa kilo, kwa sababu pikapu haiihitaji. Hili ni kosa, hasa katika eneo la pamba. Pamba ni chakula cha moto. Jiwe dogo au kipande cha chuma kikiingia katika mashine ya kuchambua chaweza kutoa cheche, na cheche hiyo ikafichama ndani ya pamba. Robota lililoshindiliwa huweza kuungua ndani kwa ndani kwa siku kadhaa, nje likionekana salama, kisha moto ukazuka ghalani wakati watu wamelala.

Ufumbuzi upo, nao humfaa hata mwenye pikapu. Injini kubwa ya zamani ni mzigo kwa pikapu, lakini ni mwenzi wa miaka mingi wa pampu yake. Pikapu na ipewe injini ya dizeli ndogo zaidi, inayolingana na gia zake na isiyokula mafuta mengi. Injini ya zamani na pampu vifungwe pamoja juu ya tela la magurudumu mawili, livutwe kwa trekta, na liwekwe karibu na maghala na chanzo cha maji. Injini iwashwe kila juma na mipira ikaguliwe. Chombo kinachotakiwa kufanya kazi mara moja kwa mwaka hakiulizwi kinakula mafuta kiasi gani. Huulizwa kama kitawaka siku hiyo.

Tela hilo halichukui nafasi ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, ambalo sheria yake ilipitishwa mwaka 2007 na ambalo huitwa kwa namba 114. Linazisaidia tu zile dakika za kwanza, kabla askari hawajafika. Katika pamba, dakika hizo ndizo huamua kama litaungua robota moja au jasho la msimu mzima la vijiji kadhaa.