Kesi ya Theluji ya Kibo

Mlima Kilimanjaro, wenye kilele cha Kibo, uliwahi kutajwa mahakamani London. Ilikuwa Oktoba 2007. Mlalamikaji alikuwa dereva wa lori kutoka Kent aitwaye Stewart Dimmock, ambaye hakutaka serikali ya Uingereza isambaze katika shule za sekondari filamu ya Al Gore, makamu wa rais wa zamani wa Marekani, kuhusu kupanda kwa joto la dunia. Filamu hiyo ya mwaka 2006 inaonyesha picha za Kibo ya zamani iliyovaa barafu na Kibo ya leo iliyobaki na viraka, huku Gore akionya kwamba ndani ya muongo mmoja theluji hiyo itakuwa imekwisha. Jaji Michael Burton aliruhusu filamu ionyeshwe. Alisema kwa ujumla wake imesimama juu ya sayansi, lakini akataja mambo tisa ambayo walimu wangepaswa kuyatolea maelezo, na mojawapo lilikuwa theluji ya Kilimanjaro. Haijathibitika, alisema, kwamba kupungua kwake kumesababishwa zaidi na binadamu. Siku mbili baadaye Gore akatangazwa mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Amani, pamoja na Jopo la Kiserikali la Mabadiliko ya Tabianchi, IPCC.

Tangu hapo hukumu ile imegeuzwa rungu. Asiyeamini kwamba binadamu wanaipasha dunia joto huichomoa haraka: hata mahakama ilisema. Anayeamini huona haya kuigusa. Ni wachache waliojisumbua kuwasikiliza watu waliopanda hadi juu, wakasimika vyombo kwenye barafu yenyewe na kupima.

Theluji hii imezoea kubishaniwa na watu wa mbali. Mei 1848 mmisionari Mjerumani Johannes Rebmann, akitokea Rabai karibu na Mombasa, aliuona mlima na weupe wa kilele chake, akapeleka habari Ulaya. Huko London mwanajiografia William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika Mashariki, akamkatalia katakata: theluji karibu na ikweta haiwezekani, macho ya mmisionari yamemdanganya. Wachaga wa mlimani waliokuwa wakiiona kila alfajiri mawingu yakifunguka hakuna aliyewauliza. Ubishi ulikuja kuzimwa na Karl Klaus von der Decken, aliyepanda sehemu ya mlima mwaka 1861, kisha 1862, akakutana na theluji kwa macho yake.

Leo hakuna anayekana kwamba barafu ilikuwapo, wala kwamba inaondoka. Ramani iliyotokana na vipimo vya mwaka 1912 inaonyesha barafu ya takriban kilomita za mraba 12. Kufikia mwaka 2011 zilikuwa zimebaki pungufu ya mbili. Zaidi ya asilimia 85 imekwenda, na aliyepanda Kibo miaka ya themanini akipanda leo atatafuta barafu aliyopita kando yake asiione. Ubishi uko kwenye swali la nani kaila.

Na hapo ndipo penye utamu. Hans Meyer, Mjerumani aliyefika kileleni mwaka 1889 pamoja na Ludwig Purtscheller, alirudi mlimani mwaka 1898 akakuta barafu imerudi nyuma kwa kiasi cha kumshtua. Shika mwaka huo. Magari yalikuwa ya kuhesabu, ndege hakuna, na hewa ya ukaa angani ilikuwa imepanda kidogo tu juu ya kiwango cha kale. Kwa hiyo barafu ya Kibo ilianza kurudi nyuma kabla moshi wa viwanda haujawa na nguvu ya kuisukuma. Dalili zinaelekeza kwingine: baada ya miaka ya 1870 hali ya hewa ya Afrika Mashariki ilikauka ghafla, mvua zikapungua, na hata kina cha Ziwa Victoria kikashuka.

Hoja ya ukavu ndiyo iliyoshikwa na Georg Kaser na Thomas Mölg wa Chuo Kikuu cha Innsbruck, Austria. Mwenzao Douglas Hardy wa Chuo Kikuu cha Massachusetts alisimika kituo cha hali ya hewa juu ya barafu ya kaskazini ya Kibo mwaka 2000. Walichokiona huko juu hakifanani na picha tuliyonayo vichwani ya barafu inayochuruzika. Wastani wa joto la kileleni ni kama nyuzi 7 chini ya sifuri. Barafu imesimama wima kama ukuta juu ya mchanga mweusi wa volkano, kingo zake kali, na chini yake mara nyingi hakuna hata kijito. Inaondoka bila kulowanisha ardhi. Mwenye friji ameshaliona jambo hili: vipande vya barafu vilivyosahauliwa humo kwa miezi hupungua ingawa havijawahi kuyeyuka. Jua kali na hewa kavu huifanya barafu kuwa mvuke moja kwa moja. Kazi hiyo inahitaji nishati karibu mara nane ya kuyeyusha, kwa hiyo inakwenda polepole, lakini haipumziki. Kinachoiokoa ni theluji mpya, ambayo weupe wake hurudisha mwanga wa jua ulikotoka. Theluji ikikosekana, barafu ya zamani yenye vumbi hubaki uchi ikilinywa jua. Adui wa kwanza wa Kibo, kwa mujibu wa wataalamu hawa, ni uhaba wa theluji mpya.

Lonnie Thompson wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio hakukubali yaishie hapo. Mwaka 2000 timu yake ilitoboa barafu ya Kibo na kutoa mihimili sita, ya chini kabisa ikikadiriwa kuwa na umri wa miaka zaidi ya elfu 11. Ndani yake wakakuta tabaka la vumbi la ukame mkubwa uliotokea kama miaka 4,000 iliyopita. Ukame ule ulidumu kwa karne kadhaa, na barafu ikauvuka. Iweje ukavu wa karne moja na nusu uimalize? Tena, katika tabaka za juu kabisa waliona alama za barafu iliyoyeyuka na kuganda upya, alama ambazo hawakuzikuta kwingine kwenye mihimili hiyo. Kwa Thompson hizo ni nyayo za joto. Lakini naye alikuwa amekadiria kwamba barafu itakwisha kati ya 2015 na 2020. Miaka hiyo imepita, viraka bado vipo, na waliokuwa wakimsubiri akosee walifurahi kuliko inavyostahili. Kukosea tarehe ya mazishi hakumponyi mgonjwa.

Ubishi kama huu upo pia Rwenzori, mpakani mwa Uganda na Kongo, ambako barafu ilishuka kutoka takriban kilomita za mraba 6.5 mwaka 1906 hadi pungufu ya moja mwaka 2003. Huko nako wapo wanaosema ni joto, wapo wanaosema ni unyevu.

Mwaka 2007 Kaser na Philip Mote waliandika makala katika jarida la American Scientist wakisema wazi kwamba Kibo si shahidi mzuri wa kesi ya joto la dunia. Wanaoinukuu makala hiyo hupenda kuacha sehemu ya pili, isemayo kwamba udhaifu wa shahidi mmoja hauifuti kesi, kwa sababu barafu nyingi duniani, kuanzia Alps hadi Andes, zinayeyuka kwa joto hasa. Kaser mwenyewe ni miongoni mwa waandishi wa ripoti za IPCC. Mtu huyohuyo anayesema "Kibo ni habari nyingine" ndiye anayetia saini kwamba dunia inapashwa joto na binadamu. Sioni mgongano hapo. Mgongano ni wa yule anayetaka kilele kimoja kiamue habari ya sayari nzima.

Kwa sayari nzima hesabu imefika wapi? Ripoti ya IPCC ya 1995 ilisema kwa tahadhari kwamba mkono wa binadamu unaanza kuonekana. Ya 2013 ilisema kwa uhakika wa asilimia 95 kwamba zaidi ya nusu ya joto lililoongezeka tangu katikati ya karne ya 20 ni letu. Ya 2021 haikubakiza shaka. Kati ya nusu ya pili ya karne ya 19 na muongo wa 2010 hadi 2019, dunia ilipata joto la takriban nyuzi 1.06; sehemu ya binadamu ilikadiriwa kuwa 1.07, ikiweza kuwa chini hadi 0.8 au juu hadi 1.3. Msomaji mwerevu atauliza sehemu inazidije jumla. Jibu ni kwamba jua na volkano pia huongeza au kupunguza kidogo, na makadirio yana upana wake. Kwa lugha ya sokoni, karibu yote ni yetu.

Wanaouliza "mnajuaje kwamba si jua?" hawaulizi upuuzi, na wanastahili jibu badala ya kubezwa. Satelaiti zinapima nguvu ya jua tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, na haijapanda sambamba na joto. Isitoshe, kama jua ndilo lingekuwa linachochea, anga la chini na la juu yangepata joto pamoja. Kinachopimwa ni kwamba la chini linapata joto huku la juu likipoa, dalili ya joto lililozuiwa njiani na gesi. Na gesi yenyewe ina kitambulisho. Kaboni ya makaa ya mawe na petroli imekaa ardhini mamilioni ya miaka na haina tena kaboni-14, hivyo inapoingia hewani inapunguza uwiano wa kaboni-14 iliyomo, na jambo hilo linapimika. Kabla ya viwanda hewa ya ukaa ilikuwa kama sehemu 280 kwa kila milioni ya hewa. Sasa imevuka 420.

Ila tukitoka kwenye wastani wa dunia na kushika tukio moja, kiasi kinabadilika, na hapo sisi waandishi wa habari tuna la kujibu. Kila mafuriko, kila ukame, tunaandika "mabadiliko ya tabianchi" na kufunga ukurasa. Njaa ya kusini mwa Madagascar mwaka 2021 ilitangazwa kuwa ya kwanza duniani kuletwa na mabadiliko hayo. Wanasayansi wa kundi la World Weather Attribution walipopima, wakakuta mchango wake ni mdogo, umaskini ukiwa na uzito mkubwa zaidi. Kundi hilohilo lilipopima ukame wa Pembe ya Afrika ulioanza mwishoni mwa 2020, uliomaliza ng'ombe kaskazini mwa Kenya, Ethiopia na Somalia, lilikuta mabadiliko hayo yameufanya uwezekane zaidi kwa angalau mara 100. Na mvua kubwa za Machi hadi Mei 2024 katika ukanda wetu? Zilizidishwa kwa asilimia 5 hivi. Zilizobaki ni mvua za siku zote, zilizokuta nyumba zimejengwa kwenye kingo za mito na mitaro imejaa taka. Kiongozi akisimama kwenye matope na kulaumu tabianchi peke yake, anakwepa swali la nani aligawa viwanja vile.

Turudi mlimani, kwa sababu huko kuna mtuhumiwa mwingine ambaye hana wakili. Ukikaa mjini Moshi utaambiwa mara nyingi kwamba theluji imeisha kwa kuwa wananchi wamekata miti. Mama anayeingia ukanda wa msitu uitwao nusu maili kutafuta kuni na majani ya ng'ombe anabebeshwa barafu ya Kibo. Mölg na wenzake waliipima hoja hiyo, matokeo yakatoka mwaka 2012 katika jarida la Nature Climate Change: kubadilika kwa misitu kuna mchango, lakini ni mdogo, na hakuwezi kueleza barafu iliyopotea.

Hiyo haina maana msitu uachwe. Mtaalamu wa mimea Andreas Hemp, aliyeuchunguza mlima huu kwa miongo, ameonyesha kwamba uhai wa vihamba, yaani mashamba ya Wachaga, na mifongo, mifereji yao ya maji, unategemea mvua na ukungu unaonaswa na msitu kuliko barafu, ambayo hutoa maji kidogo sana. Na msitu wa juu umeshushwa na moto. Moto unawashwa na mikono ya watu, walina asali, majangili, hata wapishi wa kambini, na ukavu unauongezea miguu. Ule wa Oktoba 2020 uliwaka kwa siku nyingi huku watu wa Moshi wakiuona usiku.

Kuhusu binadamu tunaowalaumu, tuwatenganishe. Afrika nzima, kwa viwanda na magari yake yote, inatoa chini ya asilimia 4 ya hewa ya ukaa inayotokana na nishati duniani. Mgawanyo huo haubadiliki kwa kuwa Kibo ina historia yake ya ukavu, wala kwa kuwa jaji wa London alikuwa sahihi katika jambo moja kati ya tisa. UNESCO ilisema mwaka 2022 kwamba barafu ya Kilimanjaro, pamoja na ya Mlima Kenya, itakuwa imetoweka kufikia 2050.

Basi mtu akikuletea Kibo kwenye mjadala, awe wa upande wowote, muulize anaanza kuhesabu mwaka gani, na anahesabu mlima au dunia.