Ukikariri neno bila ndugu zake, litakuaibisha

Nikiwa kidato cha pili nilikuwa na daftari la msamiati mgumu. Kila neno lililonishinda katika Kusadikika, riwaya ya Shaaban Robert iliyotoka mwaka wa 1951, nililinakili na kulikariri. Basi siku moja, katika mazishi kijijini, nikaombwa kutoa shukrani. Nikasimama kifua mbele: "Tunawashukuru majirani kwa karamu yenu." Waombolezaji wakatazamana. Mzee mmoja akaninong'oneza: "Mwanangu, hapa kuna karamu gani? Sema ukarimu."

Aibu ile ilinifunza kuwa neno halikai peke yake, lina ndugu zake. Usipowajua, utawachanganya.

Mshtakiwa katika riwaya hiyo anaitwa Karama, yaani kipaji au heshima ambayo mtu amejaliwa. Neno hili lina asili ya Kiarabu, na shina lake ndilo lililotupa mkarimu, ukarimu, takrima na hiyo karamu iliyoniponza. Yote yamebeba wazo la utu na kutoa, ila karamu ni mlo wa sherehe. Mshtaki wake, Majivuno, hahitaji kamusi!

Sasa watazame wajumbe sita ambao Karama anasimulia habari zao akijitetea. Fadhili ni wema. Ndugu zake ni mfadhili, afadhali na, kumbe, hata tafadhali ya kila siku. Kabuli ni hali ya kukubaliwa. Linganisha na kubali, kibali na takabali. Ridhaa ni kukubali kwa hiari. Humo mna radhi, ridhika na maridhiano, ambayo wanasiasa wetu hawachoki kuyataja. Amini yuko pamoja na imani, amani na amana. Auni ni msaada, na kumwauni mtu ni kumsaidia. Buruhani ni ithibati, hoja inayomaliza ubishi.

Lakini tahadhari: kufanana kwa sauti si undugu. Fadhaa haina nasaba na fadhili, wala sadifu na sadiki, lililozaa jina Kusadikika.

Kwa hivyo, mwanafunzi anayeogopa riwaya za kale asikimbilie kamusi kwanza. Asome sura nzima, apigie mstari neno gumu, atafute ndugu zake anaowajua tayari, ndipo afungue kamusi kuhakikisha. Kisha alitungie sentensi na kumsomea mtu mwingine. Ningefanya hivyo mapema, yule mzee asingelazimika kuninong'oneza mbele ya jeneza.