Kansa ya koo na jeni zinazoipa miguu

Saratani ya umio, ambayo wengi huiita kansa ya koo, huanza kimya. Tonge la ugali linakwama, kisha uji, mwisho hata maji. Kitale na Bungoma zimo magharibi mwa Kenya, katika ukanda wa Afrika Mashariki ambako ugonjwa huu umezidi kuliko sehemu nyingi za dunia. Wagonjwa wa huko hupelekwa Hospitali ya Rufaa ya Moi, Eldoret, kiasi cha kilomita 70 kutoka Kitale. Wengi hufika ugonjwa umeshakwenda mbali.

Hapo ndipo penye hatari. Uvimbe uliotulia pahali pamoja, daktari aweza kuukata. Kinachoua zaidi ni seli zake kuhama, zikafuata damu au mishipa ya limfu hadi kwenye ini, mapafu au mifupa.

Seli nzima haihami ovyo. Imefungwa na jirani zake kama majahazi gatini. Kamba mojawapo ni protini iitwayo E-kadherini, itengenezwayo kwa maagizo ya jeni CDH1. Jeni hiyo ikizimwa au ikiharibika, kamba hulegea. Katika saratani ya umio, mara nyingi E-kadherini hukutwa imepungua. Mwaka 1998 watafiti wa New Zealand walionyesha kuwa kasoro ya CDH1 ndiyo iliyorithiwa katika ukoo wa Wamaori uliopoteza watu wengi kwa saratani ya tumbo.

Jeni kama hizi hutafutwaje? Seli huoteshwa maabara mpaka zitande kama mkeka, kisha mkeka hukwaruzwa katikati. Seli husogea kuziba pengo. Watafiti huzima jeni moja moja na kutazama. Pengo likizibwa upesi kuliko kawaida, jeni ile ilikuwa breki; likichelewa, ilikuwa ikisukuma mwendo. Mwaka 2008 timu moja ya Marekani ilipima hivyo jeni zaidi ya 1,000 kwa seli za matiti.

Ujuzi huu bado haujaleta dawa ya kawaida ya kuzifunga seli zisisafiri. Kwa hivyo wakati ndio kinga tuliyo nayo, na sisi wa pwani tusidhani ni maradhi ya bara tu. Chakula kikikwama kooni wiki mbili, au mwili ukikonda bila sababu, usingoje. Mwombe daktari umio utazamwe kwa kamera, seli zingali pale pale zilipoanzia.