Mchicha Usinyauke Kabla ya Adhuhuri

Muuza mboga wa Kiembe Samaki anayefika sokoni Darajani au Mwanakwerekwe na mchicha wenye umande huuza mapema. Mchicha uleule ukichumwa saa nne na kupangwa juani, adhuhuri umeshalegea. Bei hushuka, na mafungu yanayobaki huishia kwa mbuzi. Kama fedha ya mbegu ni ya mkopo, hasara inaingia hapo, mavuno yakiwa yameshapatikana.

Sababu ni hii. Jani likishachumwa bado ni hai: linapumua na kutoa maji, lakini mzizi wa kuyarudisha haupo. Karibu sehemu tisa katika kumi za uzito wake ni maji, na likipoteza kiasi cha asilimia 5 tu linaonekana limenyauka. Joto likiongezeka nyuzi 10, upumuaji huongezeka mara mbili au zaidi.

Kwa hiyo chuma alfajiri, peleka kivulini mara moja, panga bila kukandamiza kwenye tenga au pakacha, kisha funika kwa gunia la katani lililoloweshwa na kukamuliwa. Mchicha uliong'olewa na mizizi usimamishwe ndani ya ndoo yenye maji kidogo. Usiloweke majani na kuyarundika, yataoza. Usiyaweke pamoja na ndizi mbivu au mapapai: matunda hayo hutoa gesi ya ethilini inayoyafanya majani yawe manjano. Maji yawe safi, ya kunywa. Unguja imeshaonja kipindupindu, mara ya karibuni kwa ukubwa mwaka 2015 na 2016, na mboga iliyonyunyiziwa maji machafu haifai hata ikimetameta.

Wafadhili wengi wamesikia habari za mtungi wa kupozea wa Mohammed Bah Abba wa Nigeria, aliyepata Tuzo ya Rolex mwaka 2000: mtungi ndani ya mtungi, katikati mchanga uliolowa. Ni kitu kizuri, lakini kinategemea maji kukauka upesi, na kaskazini mwa Nigeria hewa ni kavu. Hewa yetu ya pwani imeshajaa unyevu, hasa wakati wa Masika, hivyo joto litashuka nyuzi chache tu. Faida itakayobaki ni ule unyevu ndani ya mtungi, nayo si ndogo.

Jokofu hupoza vizuri zaidi, ila mboga isiyofunikwa hukauka humo. Na umeme? Waliokuwepo Unguja wanakumbuka giza la mwezi mzima hivi, Mei hadi Juni 2008, kisha lile la Desemba 2009 hadi Machi 2010.

Kwa maoni yetu, fedha ya kwanza ijenge banda la makuti, ilete maji safi na kununua kreti. Kabla ya kuomba mitungi kumi, kamati ijaribu mmoja. Pimeni kwa mizani alfajiri mafungu matatu yenye uzito sawa: moja liachwe wazi, la pili chini ya gunia bichi kivulini, la tatu mtungini. Pimeni tena saa kumi jioni, kwa wiki mbili, na mwandike hizo tarakimu katika ombi lenu.