Projekta ya Zamani Inapounguza Pawa Saplai Kila Mara

Baadhi ya projekta za sinema za nyumbani huishia kwenye kumbi za parokia zikiwa zimezeeka. Pawa saplai ikiungua mara moja, tunabadilisha. Ikiungua tena na tena, tusinunue nyingine kabla ya kujua kinachoiua.

Kwanza tunalaumu umeme, na si bure. Tupime kwenye soketi jioni. Volti zikipanda na kushuka sana kutoka 230, tuweke stabilaiza. Lakini kinachosahaulika zaidi ni joto. Miji ya Iringa na Mbeya iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Baridi ya huku hutudanganya: hewa ni nyepesi, hivyo feni ileile hupoza kidogo kuliko inavyotarajiwa. Ndiyo maana projekta nyingi zina mpangilio wa maeneo ya mwinuko, unaoongeza kasi ya feni. Uwashwe. Chujio nalo lisafishwe, maana vumbi la kiangazi likiliziba, kapasita hukauka na kuvimba.

Kufungua ndani tumwachie fundi. Kapasita kubwa inaweza kubaki na volti zaidi ya 300 hata waya ukishachomolewa.